Simba ya Lubumbashi na Primus ya Bukavu

Mgeni akifika Lubumbashi ataonyeshwa mambo matatu kabla hajapumzika. La kwanza ni bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya madini, ambacho hakikuumbwa siku ya tatu bali kilirundikwa na mikono ya watu. La pili ni kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. La tatu hungoja mpaka jioni, jua likiisha kutua nyuma ya miembe. Hapo mwenyeji huweka mezani chupa kubwa yenye picha ya simba, huigeuza ili kichwa cha simba kimtazame mgeni, kisha husema: «Hii ndiyo yetu.»

Mimi nimezaliwa Bukavu, na neno hilo «yetu» lilinishangaza. Kwetu mtu husema «yetu» juu ya ziwa, juu ya milima, juu ya shamba la migomba la babu yake. Lakini Lubumbashi si mji wa mababu. Ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli iliyotoka kusini ilipofika katika nchi ya shaba, nao ukaitwa Elisabethville hata mwaka 1966. Watu wake waliletwa na kazi. Wengine walitoka Kasai, wengine Maniema, wengine Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wengine hata Ruanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake, wakakutana katika Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mmoja wao. Mji wa namna hiyo hauna ziwa la kurithi wala mlima wa mizimu. Lazima ujitafutie vitu vya kuita vyake. Watu wa Lubumbashi walivipata vitatu: timu mbili za mpira na bia moja.

Tuanze na mpira, kwani historia yake inawahusu wasomaji wa gazeti hili kuliko wanavyodhani. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa chuo cha Saint-Boniface waliwaundia vijana wao timu, wakaiweka chini ya Mtakatifu Georges. Baada ya miaka michache iliitwa Saint-Paul. Kisha mapadri wakaacha kuiongoza, nayo ikaitwa Englebert, jina la kiwanda cha matairi ya gari. Kutoka mtume hata tairi! Baadaye likaja jina la Mazembe, ambalo Afrika yote inalijua. Mbele ya jina hilo huandikwa herufi mbili, T na P, maana yake «Tout Puissant», Mwenye Nguvu Zote. Waliipata sifa hiyo kwa kumaliza msimu bila kushindwa hata mara moja. Mkatekista mmoja mzee wa Kamalondo aliniambia kwamba sifa hiyo katekisimu humpa Mungu peke yake, lakini yeye huwaruhusu Mazembe waitumie ndani ya uwanja, kwa dakika tisini tu.

Mwaka ule ule wa 1939 ilizaliwa timu ya pili, Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa wahunzi na wafua vyuma, na Lupopo hata leo huitwa timu ya watu wa reli. Rangi zake ni buluu na manjano, na za Mazembe ni nyeusi na nyeupe. Siku timu hizi mbili zinapokutana, ndugu wa tumbo moja hukaa mbali uwanjani, na mke aliyetoka ukoo wa Mazembe hupika bukari mapema ili asiulizwe neno na mume wa Lupopo. Mazembe imebeba kombe la mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mtu wa Lupopo akisikia hesabu hiyo hutazama pembeni na kukukumbusha kwamba mwaka 2002 ubingwa wa nchi yote ulikuwa wao.

Katika ugomvi huo wote bia ni moja. Kiwanda chake kilijengwa mjini katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo chupa zilikuja kutoka ng'ambo, kwa meli na kwa reli, nazo zilikuwa za Wazungu kwa bei na kwa desturi. Nyumbani wanawake walikuwa na munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotiwa utamu na mzizi wa porini. Hata leo munkoyo hunywewa na watoto na wazee bila aibu. Lakini Simba ndiyo iliyokwenda vitani na mji, kama nilivyosikia ikisemwa. Ina ndugu yake mweusi zaidi aitwaye Tembo. Watu wa pwani ya mashariki hucheka wakisikia jina hilo, maana kwao tembo ni mnyama na pia ni pombe ya mnazi, hivi chupa hiyo imebeba pombe nje na ndani. Tena pale Dar es Salaam Simba ni timu ya mpira. Mwaka 2011 kijana wao Mbwana Samatta alitoka katika timu ya Simba akaja kuchezea Mazembe, katika mji ambamo simba humiminwa katika bilauri.

Sasa niseme habari ya dau, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, kaka yangu mkubwa na mimi tulikwenda Lubumbashi kwa ubatizo wa mtoto wa dada yetu. Dada ameolewa huko na mfanyakazi wa reli, mtu mpole, lakini Lupopo mpaka kwenye mifupa. Kaka yangu ana ghala dogo la vinywaji Bukavu. Yeye huuza Primus, nayo ndiyo huitetea. Mashemeji hao wawili wana ruhusa ya kutaniana, kama desturi inavyotaka, nao huitumia ruhusa hiyo tangu asubuhi mpaka usiku.

Jioni ya kwanza chupa ya Simba iliwekwa mezani, kichwa kikimtazama kaka. Kaka aliionja, akaiweka chini pole pole, akauliza:

«Shemeji, hii shayiri yenu hulimwa wapi? Hapa Kamalondo?»

«Hutoka Ulaya, shemeji.»

«Na yale maua ya hopi yanayoipa uchungu?»

«Ulaya pia.»

«Basi yenu ni nini? Maji?»

Shemeji hakukasirika. Alieleza kama mwalimu. Shayiri hulowekwa mpaka iote, hukaushwa, husagwa, huchemshwa pamoja na hopi. Pengine huongezwa mahindi au mchele. Kisha hutiwa hamira na kuachwa katika baridi siku nyingi, hata itulie. Aliyeiangalia usiku na mchana ni kijana wa hapa, akasema, na aliyeiosha chupa ni mama wa hapa, na aliyeibeba ni dereva wa hapa. «Na ile Primus yako, shemeji, shayiri yake mmeipanda juu ya mlima gani wa Bukavu?»

Kaka alinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Kweli kampuni ya Bralima ilizaliwa Kinshasa mwaka 1923, na Bukavu ikajengewa kiwanda baadaye, katika miaka ya 1950. Primus hupikwa pia katika miji mingine. Lakini mtu wa Bukavu hasadiki kwamba ni kitu kile kile. Atakuambia kwamba ya kwetu hunywewa mbele ya ziwa, pamoja na sambaza waliokaangwa, na kwamba hewa ya ziwa huingia ndani ya bilauri.

Siku zile mji wote ulikuwa na homa. Mazembe ilikuwa Abu Dhabi, katika kombe la vilabu vya dunia. Ilikuwa imekwisha kuishinda Pachuca ya Mexico, na Jumanne tarehe 14 ilingoja kucheza na Internacional, mabingwa wa Amerika ya Kusini waliotoka Brazili. Kaka alisema wazi kwamba Mazembe itapigwa. Alidhani atamfurahisha mwenyeji wake, mtu wa Lupopo. Lakini shemeji alisimama.

«Hapa mjini,» akasema, «Mazembe ni adui yangu. Nje ya mji ni mtoto wa jirani. Unataka nimcheke mtoto wa jirani anapopigwa na wageni?»

Wakawekeana dau: kasha moja la chupa kumi na mbili, lile ambalo watu wa mji huliita kazie. Mazembe ikishinda, kaka atalipa Primus. Ikishindwa, shemeji atalipa Simba. Kijana mmoja wa jirani alisikia, naye akataka kuingia kwa fedha. Alitoa mfukoni bahasha ya mshahara wa mwezi, bado haijafunguliwa. Nilimwona dada akiacha sufuria na kuja mlangoni. Alisema maneno machache: katika nyumba hiyo hawekwi dau ambalo aliyeshinda atalichukua na kwenda zake. Dau ni kitu ambacho aliyeshinda na aliyeshindwa watakaa na kukimaliza pamoja, na wake zao wakiwapo. Kijana alirudisha bahasha. Kesho yake mama yake alikuja na kikapu cha maembe kumshukuru dada, ingawa hakutaja kwa ajili ya nini.

Matokeo ya mchezo ule yanajulikana. Kabangu alifunga bao la kwanza baada ya mapumziko, Kaluyituka akaongeza la pili karibu na mwisho, na Kidiaba, mlinda mlango, akacheza ile ngoma yake ya kurukaruka ameketi, kama chura aliyefurahi. Mabao mawili kwa sifuri. Timu ya Afrika ilikuwa haijafika hata siku moja katika mchezo wa mwisho wa kombe hilo. Huko Kamalondo watu walitoka na sufuria, na filimbi, na matawi ya miembe. Niliona watu wenye nguo za buluu na manjano wakicheza katikati ya wale wa nyeusi na nyeupe. Shemeji alikuwa mmoja wao, lakini alikuwa amevaa fulana yake ya Lupopo makusudi, ili pasiwe na mashaka yoyote juu ya imani yake.

Kaka alikuwa anadaiwa kasha la Primus. Alitaka kulinunua kesho yake katika duka la mjini. Shemeji alikataa katakata. «Umesema ya kwenu haifanani na nyingine. Basi nalipwe ya kwenu, mbele ya ziwa lenu.» Deni likaandikwa juu ya kalenda ya jikoni.

Jumamosi tarehe 18 ulichezwa mchezo wa mwisho, na Inter ya Milano. Dau la pili liliwekwa kwa masharti yale yale. Mvua ya Desemba ilikuwa inapiga mabati. Pandev alifunga mapema, na kabla hatujakaa vizuri Eto'o akafunga la pili. Hapo umeme ulikatika, tukafuata mchezo uliobaki kwa redio ndogo ya betri, vichwa vyote vimeinama juu yake kama watu wanaoota moto. Biabiany alimaliza kwa la tatu. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja alisema kwamba kupigwa na Milano siku ya mwisho si sawa na kupigwa na jirani siku ya kwanza, na wengi waliona maneno hayo yanatosha kulalia.

Shemeji alitoka usiku ule ule katika mvua, akarudi na kasha la Simba begani. Lakini dada alilifunika kwa kitenge na kusema kwamba halitaguswa mpaka mtoto awe Mkristo. Kasha likalala pembeni ya kitanda cha mtoto. Jumapili tulikwenda Misa. Mtoto alilia alipomiminiwa maji, na baba yake wa ubatizo, mtu wa Mazembe, alimshika vizuri. Baada ya Misa kasha lilifunuliwa. Chupa kumi na mbili kwa watu wapatao thelathini: kila mtu alipata kiasi cha kusema amekunywa, na hakuna aliyepata kiasi cha kusahau njia ya nyumbani. Kaka aliinua bilauri yake, akakiri mbele ya ukoo kwamba bia ya kushinda ina ladha nzuri. Hakusema «Simba ina ladha nzuri». Shemeji aliliona hilo, akacheka sana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, shemeji alifika Bukavu kudai haki yake. Msomaji asiyeijua Bukavu na afikirie mkono uliotumbukizwa majini, vidole vitano vikiwa ni rasi tano, na nyumba zimepanda juu yake hata milimani. Tulikaa kwenye ukingo wa maji. Primus ilitoka katika kasha la kaka, baridi kwa sababu ya mito ya barafu aliyoiazima, na sahani za sambaza zikafuata. Shemeji alimtazama samaki yule mdogo, akamgeuza, akasema: «Huyu namfahamu. Kwetu anakuja amekauka, katika magunia.» Ni kweli. Samaki yule ni wa ziwa Tanganyika, naye alitiwa katika ziwa Kivu mwaka 1959 ili watu wa Kivu wapate kitoweo. Kaka hakuipenda habari hiyo. Alikuwa amezoea kumsifu sambaza kama mzaliwa wa Bukavu tangu Gharika. Baba yetu mdogo, aliyekuwa ameketi na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya Bushi, alisema kwamba katika meza ile kitu kimoja tu kilikuwa cha nchi kweli, nacho kilikuwa mkononi mwake. Hakumpa mtu.

Desturi ikabaki. Kwa miaka mingi mashemeji hao waliwekeana dau kwa simu, na mwaka mmoja katika miwili au mitatu mmoja alisafiri kulipa au kulipwa. Mara ya mwisho ilikuwa mchezo wa mji, Lupopo na Mazembe, kabla vita havijafika kwetu. Kaka alichagua Mazembe, shemeji akachagua Lupopo kama kawaida, na Lupopo ikashinda. Kaka akadaiwa tena kasha la Primus ya Bukavu, la kunywewa mbele ya ziwa.

Mwezi wa pili mwaka 2025 wapiganaji waliingia Bukavu. Katika siku zile za fujo, kiwanda cha bia kiliporwa. Watu wengi waliona picha za vijana wakibeba makasha vichwani, mbio, wengine wakinywa njiani. Kaka alizitazama katika simu yake, akaizima. Mwezi wa sita wa mwaka ule, kampuni ya Heineken ya Uholanzi, iliyokuwa na Bralima, ilitangaza kwamba watu wenye silaha wamevishika viwanda na maghala yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake. Wapo waliodhani kwamba ni habari ya walevi kukosa kinywaji. Waulizwe waliokuwa wakiendesha malori, waliokuwa wakiosha chupa, akina mama waliouza sambaza mbele ya baa, walinzi wa usiku, wenye maghala madogo kama la kaka. Mishahara ile ililipa shule.

Shemeji alipiga simu mara tu mawasiliano yalipopatikana. Aliuliza habari za watu mmoja mmoja kwa majina, hata baba mdogo. Mwishoni kaka mwenyewe alitaja deni. Alisema atatuma fedha, kwa kuwa hajui lini ataweza kulipa kwa kitu chenyewe.

«Fedha sitaki,» shemeji akasema.

«Basi nunua Primus huko Lubumbashi, kwa hesabu yangu.»

«Hiyo si ya kwenu, shemeji. Ulinifundisha wewe mwenyewe.»

«Kwa hiyo?»

«Kwa hiyo unadaiwa. Mtu anayedaiwa hafi ovyo.»

Katika biashara ya bia ya Kongo, chupa ni mali: huwezi kupewa kasha lililojaa usiporudisha lililo tupu. Wenye maghala wengi waliuza makasha yao matupu ili wapate chakula, na hakuna mtu wa kuwalaumu. Kaka pia aliuza mengi. Moja aliliweka kando, nyuma ya mlango, chini ya gunia. Chupa zake kumi na mbili ameziosha. Moja ilikuwa imevunjika ukingo, naye amekwisha kuitafutia nyingine.